Neno la Shukrani

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Na mvua ikinyesha, ghorofa la jirani wanatapisha. Wamefungua tena shimo lao la choo, mavi ya ghorofa nane yamepita mbele ya baraza yangu, yakaelekea Msimbazi kama yana haraka ya kuwahi kazini. Nimesimama mlangoni na kanga puani. Kinyaa kimenishika hadi chai imenishinda.

Mama Komba, mpangaji wangu wa chumba cha uani, ameshindwa kutoa masufuria yake nje. Wateja wake wa uji wamekuja, wamenusa, wamegeuza. Kaleta majivu ya jikoni, tumemwaga, tumefagia, tumemwaga tena. Tumezoea. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko harufu yenyewe.

Mchana gari la matangazo limepita. Jumamosi kuna mkutano ofisi ya mtaa, wakazi tukatoe maoni juu ya mpango wa kuendeleza na kuhifadhi mji. Spika inakwaruza. Dereva kakanyaga lile dimbwi, limeturukia mimi na Mama Komba mpaka kiunoni.

Kuendeleza na kuhifadhi. Waanze kuhifadhi mavi yao.

Jumatano, 17 Aprili

Baada ya alasiri watu wamejaa barazani kwangu. Mzee Awadhi wa duka la vyombo, nyumba ya pili. Babu yake alitoka Arabuni, yeye mwenyewe hajafika hata Chalinze. Mama Komba na kisu chake, anamenya viazi huku anasikiliza. Wenye nyumba wawili wa ng'ambo.

Mzee Awadhi kaupata mpango wenyewe kwa mtu anayemjua. Nyumba zote za chini za mtaa wetu ziondoke. Zimebaki nne tu, yangu mojawapo. Mwenye nyumba ajiunge na mwekezaji wajenge ghorofa, au alipwe fidia atafute pa kwenda. Nikauliza, na huko kuhifadhi? Akasema kupo. Chini ya ghorofa jipya kutakuwa na ukuta wa kumbukumbu, zitatundikwa picha za nyumba zetu.

Nilidhani ananitania. Hatanii. Watabomoa nyumba, kisha watundike picha yake! Mtu mwenye akili timamu kakaa kwenye kiti akaliwaza hilo, na mwingine akamwambia hewala. Ptu!

Nyumba hii marehemu baba kaijenga kwa mshahara wa bandarini, chumba baada ya chumba. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani mpapai. Humu nimezaliwa. Humu nimeozwa, na talaka ilipokuja nimerudi humu humu. Mama kaoshwa humu siku ya mwisho wake. Bati linavuja, sijidanganyi. Choo kinataka kujengwa upya. Lakini asubuhi nikifungua mlango nakaa kwenye baraza yangu, namwona kila anayepita, naye ananiona. Ghorofa la tano nitamwona nani? Kunguru.

Tumekubaliana. Jumamosi kila mmoja atasimama aseme hapana, bila kumung'unya. Mama Komba kaapa kwa Bikira Maria. Mimi nimeapa kimya kimya. Nitaanza na mavi, nimalizie na nyumba. Maneno nimeyafanyia mazoezi jikoni, paka tu ndiye shahidi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nina hasira. Naandika hivyo hivyo.

Tuliambiwa saa tatu, wageni wakaja saa tano. Meza kuu imetandikwa kitambaa, maua ya plastiki, maji ya chupa. Kila mgeni akitajwa jina, tupige makofi. Tukapiga. Makofi ya kilo, makofi ya pasha pasha, upuuzi mtupu. Watu wazima tunapasha viganja kama watoto wa chekechea.

Bwana mipango kaonyesha picha ukutani. Barabara safi, miti, watu wanatembea hawana hata mfuko wa nyanya. Katika picha zote hakuna chemba ya majitaka iliyofurika. Mama mmoja mtaalamu wa uhifadhi kasema nyumba zetu ni hazina ya taifa, na kwa pumzi hiyo hiyo kasema zitapisha ujenzi. Hata hakumeza mate katikati.

Maswali matatu tu, muda umekwenda. La kwanza kauliza mwanaume nisiyemjua, kalisifia wazo kwanza mpaka nikasahau anauliza nini. La pili, uwanja wa mpira. La tatu, Mzee Awadhi. Nikasema moyoni, haya sasa. Kaanza kumshukuru Mungu. Kawashukuru wageni. Kamshukuru mwenyekiti. Kawaombea marehemu wa mtaa. Alipofika kwenye neno nyumba, mwenyekiti kamwambia mzee wangu, muda.

Mimi mkono wangu ulikuwa juu muda wote. Mwenyekiti wa mtaa ananijua tangu anakuja kwangu kuomba kura. Kaniona. Katabasamu. Kisha kashika kipaza sauti: "Na sasa namwomba mama yetu, mkongwe wa mtaa huu, Bi Mwanahawa, atutolee neno la shukrani."

Makofi.

Nikasimama. Maneno yangu yote yalikuwa mdomoni, yamepangana. Wageni wamenigeukia, soda mkononi, na mtu wa redio kasogeza kinasa sauti chake. Na mdomo wangu mwenyewe, huu ninaoulisha, ukasema: kwa niaba ya wakazi wenzangu tunawashukuru sana wageni wetu kwa kuacha shughuli zenu mkatufikiria, Mungu awazidishie, karibuni tena.

Karibuni tena!

Mtu akiombwa kushukuru, anashukuru. Ndivyo tulivyolelewa. Utasimamaje mbele ya wageni, umepewa heshima ya shukrani, halafu uanze kutaja mavi? Mwenyekiti alijua hilo. Amenifunga mdomo kwa kunipa kipaza sauti. Nilipokaa, Mama Komba akapiga kigelegele. Nimemuuliza njiani, kigelegele cha nini? Kasema kimemtoka tu.

Nimejichukia. Najiona nanuka.

Jumapili, 21 Aprili

Redio imetangaza. Wakazi wameupokea mpango kwa shangwe na kutoa shukrani zao za dhati. Kisha sauti yangu. Mungu awazidishie, karibuni tena. Sauti tamu, kama ya mtu anayegawa pilau.

Hamza kapiga simu kutoka Magomeni. Mdogo wangu, tumerithi nyumba hii mimi na yeye. Anacheka mpaka anakohoa. Dada umeongea kama mbunge, kumbe umekubali, mbona hukuniambia. Keshaanza kuzungumzia lifti. Nikamwambia sijakubali chochote. Akasema lakini umeshukuru, dada, nchi nzima imesikia.

Siwezi hata kumtukana. Ana watoto watano kwenye vyumba viwili vya kupanga. Akisikia ghorofa anaona mlango wa kwake. Lakini nimemkatia simu.

Jumanne, 23 Aprili

Baraza tupu. Mzee Awadhi kapita asubuhi. Leo upande wangu ni mkavu, ng'ambo ndiko yanakopita yale mambo. Kaenda ng'ambo. Kakanyaga mavi kuliko kunisalimu.

Nimeumia. Halafu nimekasirika. Yeye nani alimzuia? Nani alimtuma awataje marehemu mmoja mmoja? Na wale wenye nyumba wawili, walioapa hapa huku wanakunywa kahawa yangu, hata mkono hawakunyoosha. Tulipiga makofi wote. Wanafiki wakubwa sisi. Msaliti nimekuwa mimi kwa kuwa nilishika kipaza sauti.

Mama Komba peke yake ndiye anayenisemesha. Kaniletea ndizi za nazi. Kasema, mama, kwani shukrani si unaweza kuirudisha? Nimemcheka. Sasa naliwaza.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimekwenda kurudisha shukrani yangu.

Ofisini kwa bwana mipango wamenipokea vizuri, na huo ndio ubaya wenyewe. Kijana wa watu kanipa kiti, kaniamkia, kanifungulia soda baridi. Kanisikiliza hadi mwisho, anaitikia kwa kichwa. Kisha kasema: "Mama, ungekuwa umepinga tungeandika umepinga. Wewe umeshukuru. Sasa shukrani tunaifutaje?"

Nikamwambia nilishukuru ujio, sikushukuru kubomolewa. Akasema anaelewa kabisa. Kasema kutakuwa na mkutano wa mrejesho, Jumamosi ya wiki ijayo, nije nitoe maoni yangu kwa uhuru. Mwenyekiti wangu yule yule ndiye ataongoza.

Nikanyanyuka. Na nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwambia ahsante kwa soda. Wallahi nilitamani kujing'ata ulimi.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua kubwa, mkutano chini ya turubai. Na ghorofa la jirani, Mungu ni mkubwa, wakaona leo ndiyo siku. Bwana mipango hajafika nusu ya picha zake, yale maji yameanza kuingia. Taratibu, meusi, yana vipande. Meza kuu wamenyanyua miguu. Mama mtaalamu kashika viatu vyake mkononi, uso kaukunja. Kwa mara ya kwanza nimempenda. Ameonja na yeye.

Kila mtu ananusa, hakuna anayetaja. Bwana mipango anaendelea na miti yake. Mwenyekiti anasema tuna changamoto kidogo ya hali ya hewa. Hali ya hewa!

Maswali hakuna kabisa, kwa sababu ya hiyo hali ya hewa. Moja kwa moja neno la shukrani. Mama yetu yule yule.

Nikasimama. Kanga yangu imelowa chini, sikuinyanyua. Nikapokea kipaza sauti. Nikasema, "Sishukuru."

Wakapiga makofi.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza, wengine wakafuata. Viganja vimezoea kwenda vyenyewe. Nilisimama nikawatazama, watu ninaowapenda, watu waliobeba jeneza la mama yangu, wanapiga makofi hawajui wanapigia nini. Nikangoja wachoke. Nikasema tena, taratibu, kama namfundisha mtoto. Nimesema sishukuru. Ile shukrani ya mwanzo naichukua. Nyumba yangu sitaki ibomolewe, na picha yake sitaki itundikwe. Haya mnayokanyaga ni mavi. Yametoka kwenye ghorofa mlilolipitisha nyinyi, na mnataka kuleta mengine manne.

Hakuna kofi hata moja.

Mzee Awadhi akanyanyuka. Hakusalimia. Hakumshukuru mtu. Kasema, "Na mimi nakataa," akakaa. Mama Komba akasema kwa sauti kutoka nyuma, na wapangaji tunakataa. Wale wawili wa ng'ambo walitazama viatu vyao.

Mwenyekiti kasema maoni yamepokelewa. Kisha kamwita mtu mwingine atoe neno la shukrani. Akatoa. Refu.

Jumapili, 5 Mei

Redio haikutaja kitu.

Mzee Awadhi kaja na haluwa kwenye sahani, kafunika na kitambaa. Kakaa mahali pake pa siku zote. Tumezungumza bei ya sukari. Hakuomba radhi, na mimi sikuidai. Hamza hajapiga. Nilishika simu mara kadhaa nimpigie, nikaiweka chini.

Bado nanuka. Nimefua kanga ile kwa sabuni na ndimu, bado.

Jumatatu, 13 Mei

Jua leo. Barabara imekauka, imebaki ganda jeusi ukingoni. Mama Komba kauza uji mpaka ukaisha.

Saa nne kaja mwanaume na kopo la rangi nyekundu na brashi. Mtu mzima, kipara, ndevu zina mvi. Kaanzia kwa Mzee Awadhi. Kisha kaja kwangu, kasimama mbali kidogo na baraza, kavua kofia. Shikamoo mama. Marahaba. Kasema ametumwa. Nikamwambia najua.

Akaomba maji ya kunywa kwanza. Nimempa ya mtungini, kwenye kikombe cha bati, si cha plastiki. Kanywa amechuchumaa, kakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

Kapaka X ya bomoabomoa kushoto kwa mlango, chini ya dirisha la chumba nilichozaliwa. Alikwenda taratibu, mistari yake imenyooka. Kakwepa mita ya umeme. Tone moja lilidondoka barazani, akainama akalifuta kwa kitambaa chake, akasugua mpaka saruji ikawa safi.

Akafunika kopo lake. "Ahsante mama," akasema.

Nikamjibu karibu.