Samaki Wawili wa Maji ya Chumvi

Jumamosi, 7 Juni
Samaki wamefika. Wawili, rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe kila mmoja. Ni wa Anko Ochola, jirani yetu Mkenya anayetunza matangi ya samaki maofisini. Ofisi moja imefungwa, hawa wakakosa kwao. Yeye anakwenda Kisumu kwa mazishi, wiki tatu. "Nikirudi niwakute hai, ni wako." Tuliuacha mfuko wao uelee juu ya maji nusu saa ili wazoee joto, kisha tukawafungulia. Wamejificha nyuma ya jiwe. Ameniachia pampu, chakula, pakiti ya chumvi ya bahari — na onyo moja: hawa si samaki wa ziwa, maji matupu yatawaua.

Jumatatu, 9 Juni
Wamekula! Mkubwa kwanza, halafu Mdogo. Maji yanapungua upana wa kidole kila siku, maana tangi halina kifuniko na jua la dirishani ni kali. Nachanganya chumvi kwenye jagi kama nilivyoonyeshwa, naongeza mpaka kwenye alama. Mama Nasike wa mlango wa pili alichungulia, akauliza wataiva lini, yeye nyanya na kitunguu anavyo. Baba alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 14 Juni
Mdogo hali chakula. Anahema haraka. Baba, ambaye ni polisi, anasema hata kuruta hali vizuri wiki ya kwanza. Lakini wiki ya kwanza imekwisha.

Jumanne, 17 Juni
Bado hali chakula. Anko hapatikani, simu imezimwa. Nimekagua pampu. Joto. Chakula. Maji nimeongeza bila kuruka siku hata moja. Kila kitu sawa. Kwa hiyo sijui.

Alhamisi, 19 Juni
Nilipotoka shule nilimkuta Mdogo kwenye mchanga, amekufa. Nimemzika nyuma ya jengo, karibu na kamba za nguo. Mama Nasike aliniona. Hakutania.

Jumapili, 22 Juni
Tumerudi kutoka misa. Mama akawa anapangusa tangi. "Akot, hii unga nyeupe ni ya nini?" Ulikuwa ukingoni, juu ya maji. Mimi naufuta kila siku nikidhani ni vumbi. Nikaonja.

Chumvi.

Nilikaa chini. Maji hupaa, chumvi hubaki. Muhula uliopita nilichora jambo hilo hilo, sufuria na mvuke, mwalimu akanipa kumi kwa kumi. Na wiki mbili nzima nimeongeza chumvi juu ya chumvi.

Leo Anko alishika simu. Nilimweleza yote, hata ile kumi kwa kumi. Akasema kosa ni lake pia, hakunieleza kwamba maji yanayopungua hurudishwa bila chumvi. Halafu: "Sasa usikimbie. Mwili wake umezoea ubaya huo, ukimtoa ghafla unamuua. Toa kikombe kimoja, weka kimoja cha maji ya kunywa, yale yaliyochemshwa yakapoa. Kila saa. Usizidishe."

Nikauliza kama Mkubwa ataishi.

"Sijui, binti yangu." Chumvi ikizidi, alisema, samaki hukauka akiwa ndani ya maji.

Mama alisikia. Akachota jagi zima. "Kitu iko na kiu, unainyima maji?" Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika Mama mkono namna hiyo. Nilimweleza alivyosema Anko. Akaniangalia, akaliweka jagi mezani, akatoka nje. Anasema hawezi kukaa akitazama.

Nimeweka kikombe cha saa nane. Nimeweka cha saa tisa. Mkubwa amelala ubavu kwenye kona, pezi moja tu linacheza. Anafungua mdomo, anafumba. Anafungua tena. Kikombe cha saa kumi nimeshakijaza, kiko hapa kando ya daftari.

Saa ya ukutani inasema kumi kasoro dakika ishirini.