Fundi wa Shemeji na Maji ya Umande

Dada Mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, maana mume wangu Tofazzal anataka kununua boti kuukuu ya mbao, ya injini, ya kuvushia watoto wa shule ng'ambo ya mto, binti yetu Lipi akiwemo, na pesa zitatokana na bangili zangu za harusi, na muuzaji ni shemeji Motaleb, mume wa wifi yangu, na unajua kwetu mkwe akija hata kuku wa mayai anachinjwa, kwa hiyo niliposema tutafute fundi wa kuikagua, mume wangu akaniwakia, "Unataka nimwite shemeji mwizi mbele za watu? Dada'ngu akirudishwa nyumbani, utamlisha wewe?" Basi shemeji akasema hakuna neno, fundi atamleta mwenyewe, akamleta yule yule anayemtengenezea boti zake zote, wakala wali na samaki kwangu, nimepika mimi, mjinga! Fundi akagonga ubavu mara mbili, boti ikiwa majini, akasema, "Chuma hiki, mama." Imepakwa lami mpya, inang'aa, na shemeji alikuwa akichota maji ndani kwa bakuli, akasema ni umande tu. Keshokutwa wanalipana. Nikikataa, si nitakuwa nimevunja ndoa ya wifi yangu?

Rehana, Barisal

Rehana mdogo wangu,

Pole, hasira yako ni ya haki, ila nawe umenichefua. Mtu mzima anachota maji kwenye boti iliyofungwa gatini, mwezi wa Magh, hakuna tone la mvua, halafu unaniuliza habari za ndoa? Umande gani unachotwa kwa bakuli? Boti inavuja hiyo!

Na fundi anayepata riziki kwa Motaleb ataisemaje vibaya boti ya Motaleb? Tafuta fundi wa gati nyingine, asiyemjua shemeji wala kutarajia kazi ya kuitengeneza. Mlipe wewe. Boti ivutwe nchi kavu, lami ikwanguliwe kule chini mbao zinapokutana, achome kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, mbao imeoza, biashara imekwisha. Mpaka hapo bangili zisitoke mkononi mwako, hata Tofazzal apige kelele vipi.

Shemeji akinuna, mbembelezeni, mchinjieni huyo kuku. Heshima yake mpeni kwenye sahani. Na wifi yako akirudishwa kwa ajili ya boti, mpokeeni, atalala na Lipi. Lipi akizama, nani atamrudisha?