Afya ya Mtoto wa Jonet

Mnarani, Kanisa la Balhaggart,
Fife, Uskoti.
9 Machi, 1662.

Mpendwa mdogo wangu Ninian,

Pokea salamu nyingi za dada yako Grissell. U hali gani huko Danzig? Kile kifua chako kimepona? Bado unazunguka vijijini na mzigo wa vitambaa mgongoni kama punda, au umeshapata duka? Natumai unakula vizuri na unavaa zile soksi za sufu nilizokufumia, maana wewe kwa ubishi hujambo. Mimi mwilini si mgonjwa, ila nimefungwa. Kaa chini, ndugu yangu, barua hii usiisome umesimama.

Unamkumbuka Jonet Kello, mke wa yule mtengeneza kimea cha pombe? Mwezi wa Novemba kuku wake walinichimbulia kabichi zote. Mdomo wangu unaujua. Nilimwambia mbele za watu, "Utajuta, Jonet, wewe na kuku wako!" Nilichokusudia ni kuwachinja ninywe supu. Wiki hiyohiyo mwanawe mdogo, Patie, akashikwa na homa, akawa hali wala hanywi.

Basi Jonet akafanya kama wanavyofanya watu wa kwetu. Alikuja mlangoni pangu, majirani wakiwa nyuma yake, akapiga magoti kwenye tope na kuniomba nimrudishie mtoto afya yake, kwa ajili ya Mungu. Nikamjibu, "Mama wee, afya ya mwanao nimeiweka wapi mimi, chunguni? Nenda kamwombe Mungu." Akaniomba mara ya pili. Wewe unaijua desturi hii: anayeombwa mara tatu akikataa, na mtoto akafa, basi yeye ndiye aliyemuua. Akikubali, na mtoto akapona, basi aliyeirudisha afya ndiye aliyeichukua. Nilitafuta pa kutokea, sikupaona. Akaomba mara ya tatu, machozi yanamdondoka, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Haya, chukua, kwa jina la Mungu, na uinuke hapo kwenye tope."

Kabla ya jioni Patie akaomba uji. Nilifurahi, Ninian, nisikufiche. Jonet alizunguka kijiji kizima akinishukuru, na jibini akaniletea. Shukrani zake ndizo zilizonifunga. Wazee wa kanisa walimwita, naye akawaeleza yote kwa furaha, hana habari anafanya nini. Siku hizi akipita hapa chini ya mnara namsikia analia.

Waliponileta humu walininyima usingizi. Majirani, watu tuliokula nao, walipokezana zamu kunitembeza huku na huku, na nikisinzia wananitikisa. Nilifika mahali nikamwona marehemu mama ameketi chini ya kengele anachambua sufu. Nikamsalimia, nao wakaniuliza ninaongea na shetani gani. Nilichoka, mdogo wangu, nilichoka hoi. Basi nikakiri. Nikasema ndiyo, mimi ni mchawi, afya ya mtoto niliichukua mimi, nikairudisha mimi, ilimradi niweke kichwa chini. Tangu hapo wananiacha nilale, na ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika, kwa karatasi aliyoipitisha binti yangu Beatrix chini ya mikate ya shayiri.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe wapi! Mchungaji Cathcart akataka jina la aliyenifundisha. "Hakuna mchawi wa peke yake, Grissell," alisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula. Nikamwambia sikufundishwa na mtu. Akaniuliza, "Na huyu Beatrix? Si mnalala chumba kimoja?" Nikikaa kimya, wanamchukua mwanangu. Nikimtaja jirani, wanamleta humu kabla ya chakula cha mchana. Nikatafuta kichwani mtu ambaye mikono yao haimfikii. Nikakupata wewe.

Nisamehe. Nimesema ulinifundisha wewe, kule kwenye shamba la shayiri, kabla hujavuka bahari, na kwamba mtu mwenye nguo nyeusi, yaani shetani, alikupigia filimbi ukacheza. Wewe, uliyenikanyaga miguu siku ya harusi yangu! Kidogo nicheke mbele yao. Karani akayaandika yote hayohayo.

Najua uliniandikia kwamba kiangazi hiki utarudi, uoe, ujenge kwenye kiwanja cha baba. Usirudi. Kiwanja kisahau. Ukikanyaga Fife tu, watakupandisha ngazi hizihizi. Nimekunyang'anya kwenu, na inaniuma.

Ukishikwa na hasira, inua kwanza macho umtazame huyo aliyekuletea barua. Ndiye Beatrix. Ulimwacha anatambaa. Maandishi ya mkono hajui kuyasoma, nami nimemdanganya. Nimemwambia anakuja kukuita uje unitetee, na kwamba mkifanya haraka mtaniwahi. Atakusihi mfunge safari leo hii, na ana kichwa kigumu kama changu. Hati ya kunihukumu inatoka Edinburgh. Ikifika, wataninyonga kwanza ndipo wanichome, wanasema huo ndio ukarimu wao. Kwa hiyo mwambie meli hakuna, mwambie unaumwa, mwambie lolote linalokujia mdomoni, ila asirudi.

Shangazi Isobel anakusalimu, masikio sasa hayasikii kabisa, na kwa siku hizi ni heri yake. Nisalimie binamu yetu Gavin na mkewe Annas, na watoto wao wote. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe mke mwema na moto usiozimika jikoni.

Beatrix anapenda uji wenye chumvi nyingi. Mpe kitanda kilicho mbali na mlango.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo na hata huko niendako,

Grissell Lumsden