Posa na Sauti ya Redioni

Muhsina, niko jikoni najifanya natafuta sukari. Nimekwisha!

Unakumbuka jana nilivyopiga simu redioni kuhusu mgomo wa chuo kikuu? Nikamwambia yule mhadhiri aliyekuwa studioni akiutetea, "Karo tumelipa, na ndugu yangu anafundishwa na mlango uliofungwa!"

Basi mhadhiri yule ndiye baba yake Twahir! Yuko sebuleni, ameniletea posa ya mwanawe.

Nilitaka kunyamaza asiijue sauti yangu, lakini shikamoo nitaikwepaje? Nikainong'ona.

Akaweka kikombe chini. "Marahaba, mwanangu. Jana simu ilikatika kabla hujanijibu. Mwalimu asiyelipwa tangu Ramadhani afundishe kwa nguvu gani?"

Mbele ya wazee wote, Muhsina! "Kabla hujanijibu!"

Sasa Baba ananiita. Wote wananingoja, na balaa ni kwamba jibu ninalo.