Bega Lisilotaka Kukandwa

Yeoville, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua, au baridi ya Lushoto imepungua? Huku tunaendelea, ila mimi si mzima kama nilivyokudanganya. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Nitaipiga picha barua hii nimtumie dada, akusomee. Asiucheke mwandiko, ni wa mkono wa kushoto.

Nilikwambia nimeteguka bega. Sivyo. Nilikuwa napeleka chakula Randburg kwa pikipiki, robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikaniruhusu, gari likapita kwenye nyekundu. Niliangukia bega, kichwa kikapindia upande wa pili. Hospitali wakapiga picha, mfupa mzima, wakaniambia nirudi kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Sikurudi. Mtoto wa mkandaji kama wewe ataambiwa nini kuhusu bega? Nikamtafuta Mtanzania mwenzangu, akanikanda kwa mafuta ya nazi miezi miwili. Mkono ukabaki unaning'inia, unawaka kama umepakwa pilipili. Ulikuwa ujinga wangu, nakiri.

Mke wangu Furaha ndiye aliyenirudisha hospitali. Daktari anasema mishipa ya fahamu itokayo shingoni kwenda mkononi imevutika hadi ikakatika. Jumanne ijayo watachukua mshipa mguuni waupandikize begani. Hata hivyo huenda nikaweza kukunja kiwiko tu, vidole visirudi. Tukizidi kuchelewa, nyama ya mkono itakufa. Naogopa, Mama. Mtu mzima mimi, nafungwa vifungo vya shati.

Ujumbe wako kwamba nirudi unikande mwenyewe nimeupata. Furaha alipousoma alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Eish, mama anakupenda sana, lakini ukienda kule, hii mukono itakufa." Usimkasirikie mkweo. Ananililia mimi, hakudharau wewe.

Msalimie baba mdogo anayekuchemshia mafuta, na shangazi wa sokoni. Dada mwambie asilie anaposoma.

Mama, yule fundi aliyeanguka kutoka paani, ulimgusa mgongo mara moja tu, ukawaambia nduguze, "Huyu mikono yangu haimtoshi, mpelekeni hospitali." Walikubembeleza, ukakataa. Naomba uniambie na mimi maneno hayo kabla ya Jumanne. Daktari ameshayasema, lakini nataka kuyasikia kwako, nisilale kwenye kitanda chao nikiona nimekukimbia.

Mwanao,
Elia