Doa la Kahawa na Herufi Fa

Bi Rukia, mwalimu wangu,

Kwa unyenyekevu mkubwa natangaza rasmi kwamba kanzu nyeupe uliyonizawadia Idi yako ya mwisho imepata doa la kahawa, tangu kifuani hadi tumboni. Pale barazani Mji wa Kale niliwaambia wanywaji kahawa wenzangu nimepigwa kumbo. Wewe najua huamini.

Tangu ututoke, hakuna aniitaye Shekhe Patasi. Hakuna anizuiaye mkono tukipasua taya, aniambie, "Mfupa ni wako, mshipa ni wa mwenyewe." Ulitufunza tukate ganda la nje la mfupa tu, tulifungue kwa patasi polepole, tusimame, tuutazame mshipa wa fahamu, uletao hisia mdomoni, ulipolala, ndipo tuendelee.

Wamkumbuka Mwanasha, mwalimu wa chuo cha Kurani, taya lake la chini lililotokeza? Herufi fa ilimtesa. Mdomo wa chini haukutua kwenye meno ya juu, na watoto wakimwigiza. Ulimwahidi fa yake. Ukaondoka, ahadi nikairithi mimi.

Nilimpasua, na sasa taya limekaa sawa, na fa yatoka safi. Ila mdomo wa chini umekufa ganzi. Nilimwambia ni uvimbe. Wiki ya sita bado nasema uvimbe, na uso hauna uvimbe hata chembe.

Basi Ijumaa nikajidunga ganzi taya langu mwenyewe, nikaenda kunywa kahawa. Sikujua yanimwagikia mpaka muuza kahawa aliponipa kitambaa, akauliza kama nimerudi utotoni. Wote wakacheka, nami nikacheka nusu mdomo. Ganzi yangu iliisha kabla ya magharibi. Ya Mwanasha haikuisha.

Jumatatu nilimwita nikamweleza, na sasa nakueleza wewe. Mshipa ulikuwa umeshikamana na kipande cha nje cha mfupa. Ulinifunza nikiona hivyo niweke patasi chini, niubandue taratibu. Sikuona, kwa sababu sikusimama kutazama. Niligonga mara moja zaidi. Haukukatika, niliuvuta. Huenda hisia ikarudi. Huenda isirudi yote.

Mwanasha akasema, "Si uvimbe, basi." Siku hizi, akaniambia, hufundisha fa akijitazama kiooni, ajue mdomo umefika.

Nitasimama nitazame, Bi Rukia, kila taya, kila upande. Na nikikosea, mwenye mshipa atajua siku ile ile.

Mola akupanulie kaburi. Kanzu sijaifua.

Shekhe Patasi wako