Kura Ambayo Hukuipiga

Yaya Fabien, kaka yangu,

Yule mama daktari wa ng'ombe ameshindwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo ungeniuliza hata kabla ya salamu. Ameshindwa uchaguzi, tena vibaya. Habari za kwenu Idaho zilifika huku Durban asubuhi, nikiwa na mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa nimeshasuka. Mke wako Espérance alituma ujumbe wa sauti: "Wifi, imekwisha." Nikasema "eish", nikaendelea kusuka. Mteja akauliza kuna nini. Ningemweleza nini? Kwamba kuna jimbo la viazi na ng'ombe huko magharibi ya Amerika, ambako kaka yangu alipita mlango kwa mlango ili mwanamke nisiyemjua aende bungeni Washington, na mimi msusi wa hapa mjini nilikuwa nikimwombea kila Jumapili?

Nimechoka, Yaya. Sijui nianzie wapi.

Unakumbuka siku mlipoondoka? Mlikuwa mmebeba blanketi zote za nyumba ya Isipingo, ati Amerika iko baridi. Uliniambia uwanja wa ndege, "Dosie yako ya kuhamia Amerika inafuata yangu. Usinunue hata kitanda." Nami sikununua. Watoto wamekua wakilala kwenye magodoro ya chini kwa sababu sisi ni watu wa kuondoka. Halafu wakubwa wa kule wakafunga mlango wa wakimbizi, na dosie ikasimama. Ndiyo sababu yule mama alipokuja kanisani kwenu akasema atapigania familia zilizokatwa katikati, ulinipigia simu huku umekosa pumzi kama mtu aliyekimbia. "Furaha, huyu! Huyu hapa!"

Nilicheka siku ile. Wewe, mkamua ng'ombe, na shati lako la kanisani, unagonga milango ya wazungu wa mashambani! Ulinisimulia mbwa waliokufukuza. Ulinisimulia yule mzee Dale, mjane mwenye shamba, aliyefungua mlango akasoma karatasi yako mpaka mwisho, akasema, "Huyu mwanamke simpi kura yangu. Lakini ingia, kuna upepo." Mkanywa kahawa. Mkabishana. Wiki iliyofuata ukarudi kumsaidia kuzalisha ng'ombe, mkabishana tena. Ukaniambia, "Yule mzee ni mkaidi kama baba yetu." Ulimpenda, nilisikia kwenye sauti.

Na uraia wenu, wewe na Espérance, ulikuwa bado mpya. Nywele zako zimeshaota mvi na hujawahi kupiga kura hata mara moja! Nyumbani Fizi, siku ya kura ilitukuta tuko njiani tunakimbia. Hapa Afrika Kusini karatasi zetu za ukimbizi hazituruhusu. Ulisema utavaa suti. Ulimsumbua Espérance mje kupiga pamoja, naye akakataa: "Mimi na Kingereza changu hiki? Watanicheka." Ukamjibu, "Kura haizungumzi Kingereza, mama."

Halafu moyo wako ukasimama, kazini, katikati ya ng'ombe, kura ikiwa karibu kabisa. Mazishi yako niliyaona kwenye simu, nimesimama stoo ya saluni kati ya mabox ya nywele. Picha ikaganda walipokuwa wanashusha sanduku. Mpaka irudi, ilikuwa udongo tu. Sikukuona ukishuka, Yaya. Hilo bado...

Basi. Nikuambie lile usilolijua.

Siku ya kura, mzee Dale alikuja na gari lake mpaka mlangoni kwenu. Espérance alidhani ameleta chakula, kama majirani walivyofanya tangu msiba. Akamwambia, "Mume wako alinisumbua mwezi mzima kuhusu siku hii. Vaa koti." Espérance akamwambia ukweli, kwamba akienda atampa yule mama. Mzee akasema, "Najua. Na mimi nitampa yule mwingine. Kura zetu zitakulana. Twende."

Wakaenda. Barabara ndefu, mashamba yamevunwa. Pale ndani msichana alimwomba Espérance ataje jina lake na anwani. Akavitaja, kwa Kingereza chake kile. Hakuna aliyecheka. Aliniambia, kwa sauti ndefu aliyonitumia usiku ule, kwamba kwenye kile kibanda alilia mpaka herufi zikawa ukungu, akangoja zirudi, ndipo akatia alama. Alipotoka, mzee Dale alikuwa amevua kofia. Akasema tu, "Angevaa suti, sivyo?" Espérance akasema, "Ndiyo. Ile ya bluu." Ndiyo waliyokuzika nayo.

Nimeisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko ile ya matokeo.

Lakini sitakudanganya kwamba inatosha. Yule mama ameshindwa, dosie imelala palepale, na hapa kwetu mambo hayajalainika. Kliniki tumefukuzwa tena getini, watu wanauliza kitambulisho cha Afrika Kusini kabla hata ya kuuliza unaumwa nini. Mume wangu anasema turudi Fizi. Nyumba ipi, sijui. Mimi sibishani naye. Nikirudi kutoka saluni miguu imevimba, navua viatu, nakaa.

Kuna kitu kimoja lakini. Shule ya watoto inachagua kamati ya wazazi mwezi huu. Kila mwaka wa uchaguzi tangazo lilikuja, nami nililiacha, nikisema hayo ni ya wenyewe. Safari hii nilimuuliza mwalimu wa kike, Mzulu, kama mtu wa karatasi kama zangu anaruhusiwa. Akanishangaa: "Mama, si una mtoto hapa? Basi wewe ni mzazi. Njoo." Ilikuwa rahisi hivyo. Nilitoka getini kama mtu aliyepewa passport.

Kwa hiyo lala, kaka yangu. Espérance nitampigia kila Jumapili, na wanao watazungumza Kiswahili na mimi, wapende wasipende. Na Jumamosi hii nitafunga kiti changu mapema, nivae gauni la kanisani, nipande taxi mpaka shule. Watanipa karatasi. Nitatia alama yangu.

Mdogo wako,
Furaha